Mume katoka soba, ana siku 47 hajagusa, sasa mimi ndo kama naumwa

mama_wawili

Habari za muda huu wapendwa. Naombeni mnivumilie hii itakuwa ndefu, naandika nimejifungia bafuni maana ndo sehemu pekee naweza kukaa robo saa bila mtu kuniita.

Mume wangu ni mlevi. Hiyo sentensi nimeiandika nikafuta mara tatu, mara "anakunywa kidogo", mara "ana changamoto ya pombe", basi acha ikae kama ilivyo. Tuko mwaka wa 11 kwenye ndoa, watoto wawili, na miaka kama saba hivi pombe kali imekuwa humu ndani kama mpangaji asiyelipa. Alifika hatua asubuhi mikono inatetemeka hawezi kufunga vifungo vya shati mpaka azimue kwanza, mimi ndo nilikuwa namfunga hivyo vifungo na mimi ndo nilikuwa napiga simu kazini kwake naongopa. Homa, tumbo, mgongo. Mjomba wake nimeshamuua mara mbili na yuko hai ana afya kuliko sisi wote, juzi kanitumia picha.

Sasa mwaka huu akaniahidi anaacha, akaacha kweli ghafla, siku moja na nusu hajaweka kitu mdomoni nikawa nafurahi, jioni yake akadondoka akakakamaa kama mtu wa kifafa. Hospitali ndo wakaniambia ni kwa sababu ya kuacha ghafla. Sikuwa najua kabisa. Kutoka hapo akakubali mwenyewe kwenda soba hausi, yaani kile kituo cha watu wanaoacha ulevi, akakaa siku 28, na leo ni siku ya 47 tangu arudi nyumbani. Hajagusa. Au niseme sijamuona akigusa, na hapo ndo tatizo langu lilipo.

Nilitegemea akirudi mzima nitapumua. Jamani silali. Usiku akishapitiwa na usingizi nainama namnusa mdomo. Nanusa mashati kabla sijafua, natikisa chupa yake ya maji, nimefunua mpaka tenki la choo maana zamani ndo alikuwa anaficha humo. Akichelewa dakika 20 mikono yangu mimi ndo inatetemeka sasa, kama yake enzi zile. Akila pipi ya minti naishiwa nguvu za miguu, sababu miaka yote hiyo harufu ya minti humu ndani ilikuwa na maana moja tu.

Wiki iliyopita akaamka akanikuta nimeinama juu ya uso wake. Hakupiga kelele. Akaniangalia tu gizani akasema "kule walinipokonya simu, we unanipokonya hata pumzi." Akachukua mto akaenda kulala sebuleni, tangu siku hiyo tunaongea mambo ya watoto tu.

Halafu wifi yangu, najua ana nia njema, kaniletea vidonge vimefungwa kwenye karatasi havina boksi, eti nisage nimtilie kwenye kinywaji bila yeye kujua, siku akionja pombe atatapika mpaka aichukie. Viko kwenye pochi yangu. Kuna siku nilivitoa nikaviangalia nikavirudisha.

Kwa hiyo naulizaje sasa, niache kumchunguza? Nikiacha akirudia si nitakuwa nimelala mlango wazi? Na anataka kurudishiwa kadi ya benki, nimpe? Na la mwisho naona hata aibu kuandika, nina hasira naye sasa hivi akiwa mzima kuliko nilivyokuwa nazo akilewa. Akilewa nilikuwa namhurumia. Sasa anaamka mapema anacheka na watoto kila mtu anampongeza na mimi natamani kumrushia kitu. Ni kawaida hii au roho yangu ndo imeshaharibika?


bonge_la_bwana

Mlevi haachi, anapumzika. Jipange mapema dada.


nesi_wa_zamu

Huyo hapo juu mruke.

Dada pole sana. Nianze na vidonge maana hiyo ndo dharura, mengine yanaweza kusubiri. Hivyo vitu VITOE kwenye pochi leo, usitupe watoto wanapofika, peleka duka la dawa au hospitali wakakuharibie. Nahisi ni disulfiramu, sina uhakika maana hata boksi havina na hilo peke yake lingetosha kuvikataa. Disulfiramu ni dawa halali kabisa, inazuia mwili kumalizia kuvunja pombe kwa hiyo ile sumu ya katikati inajaa kwenye damu, mtu anawaka uso, moyo unakimbia, anatapika, presha inashuka. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu au ini lililochoka huko ni kuzika. Na inabaki mwilini, anaweza akapata hayo hata wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho, na si lazima anywe bia, kuna dawa za kifua na za kusukutulia zina alkoholi ndani. Ndo maana maelekezo yake yanasema wazi usimpe mtu bila yeye kujua. Anayeitumia anakubali mwenyewe, anapimwa ini, anajua afanye nini na aepuke nini. Ukimtilia kwa siri halafu akajua (atajua) utakuwa umemfundisha kwamba kinywaji cha nyumbani kwake hakiaminiki, sasa sijui na hapo mtarudi vipi.

Kama anasikia hamu sana zipo dawa nyingine za kuuliza, naltreksoni inapunguza ule utamu na hamu, akamprosati inatuliza kichwa kwa aliyeshaacha. Yeye aende kwa daktari, wewe ukitaka msindikize.

La pili, wengine mnaosoma mniskie. Mtu anayekunywa kila siku mpaka asubuhi anatetemeka USIMWAMBIE aache leo leo nyumbani. Arosto ya pombe, yaani yale mateso ya mwili ukiikosa, inaanza masaa 6 mpaka 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege linaweza kumpiga ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 ndo kuna ile ya kuona wadudu ukutani, joto kupanda na kuchanganyikiwa, na hiyo inaua. Anatakiwa apelekwe ashushwe taratibu na dawa, achomwe na vitamini B1 ubongo usiharibike. Watu wanafikiri kuacha ni nia tu. Nimeshapokea wenye nia wengi wakiwa kwenye machela.

Kuhusu hasira sio fani yangu ila nitakwambia ninachokiona wodini, ndugu wa mgonjwa huwa anaanguka mgonjwa akishatoka hatarini. Ulikuwa hauna muda wa kukasirika dada. Sasa umepata.


mkavu2019

Mama wawili mi niko upande wa pili wa huo uso uliokuwa unanuswa. Niliacha 2019, kabla ya hapo nilishaacha mara nyingi sana lol.

Nikuambie ukweli ambao shemeji hatakuambia. Ukimnusa anaumia, ndiyo, lakini asikudanganye kwamba hajui kwa nini unamnusa. Mi mke wangu alikuwa ananipigia simu ya video nikiwa kazini eti nimuonyeshe meza, nilikuwa nafura mpaka masikio yanawaka, halafu siku moja nikakaa nikahesabu uongo niliomwambia kwa mwezi mmoja tu wa zamani, nikaishia katikati nikaona aibu. Miaka saba umeongopewa. Siku 47 haziwezi kulipa miaka saba, haijalishi amejitahidi vipi, na wala hatakiwi kukudai uaminifu kama vile ni mkopo ulioiva.

Lakini sasa na upande wako. Kumnusa hakujawahi kuzuia glasi hata moja. Hapa naomba unielewe vizuri maana najua inauma. Mlevi akitaka kunywa atakunywa wewe ukiwa umemkalia mapajani. Mi nilikunywa ndani ya ukumbi wa mahakama. Nilikunywa wodini. Tenki la choo ni la wanaoanza dada yangu. Kwa hiyo hizo doria zako za usiku hazimlindi yeye, na wewe zinakuacha umechoka macho mekundu, asubuhi hauna hata nguvu ya kumwambia hodi. Na kuna baya zaidi, mimi ziliwahi kunipa sababu, nikawa naona kama ni mchezo wa paka na panya, "kama ananichunguza basi ngoja nimpe cha kuchunguza". Ni upumbavu lakini akili ya kilevi ndo inavyofikiri, inatafuta kesi kila mahali ili ishinde.

Kilichotusaidia sisi ni kuhama kutoka kwenye kuviziana kwenda kwenye kukubaliana. Tulikaa mchana, sio usiku na sio baada ya ugomvi, tukaandika kwenye karatasi. Nikichelewa napiga simu kabla ya saa niliyosema, sio baada. Nikinywa namwambia mwenyewe kabla hajagundua na yeye hatapiga kelele usiku huo, tutaongea kesho yake. Nikinywa na nikaficha, naenda kulala kwa kaka yangu wiki nzima. Hiyo ya mwisho aliitumia mara moja tu, mwezi wa nne baada ya kuacha, nikaenda na begi langu kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule. Hakulia wala hakunitukana, akanifungulia mlango tu. Ile ndo mara ya mwisho kunywa. Sisemi ni begi lililoniponya, nilikuwa na kikundi, nilikuwa na daktari, nilikuwa nimechoka pia. Lakini begi lilikuwepo.

Kadi ya benki mimi ningesema asipewe yote kwa mkupuo na asinyimwe yote. Mtu mzima ukimpa hela ya nauli kila asubuhi kama mtoto kuna kitu ndani kinasinyaa. Sisi tulianza na hela ya wiki, mshahara ukabaki kwake yeye mke mpaka miezi sita, halafu tukapandisha. Mimi ndo niliomba hivyo, naona ndo maana ilifanya kazi.

Na usingizi, najua nawe haulali ila na yeye pengine halali vizuri, unaweza kuchukua miezi kurudi baada ya kuacha pombe. Asiyelala anakuwa na kisirani. Sio kila kisirani ni dalili ya chupa. Kule kwenye vikundi wanatufundisha kujikagua vitu vinne, njaa, hasira, upweke, uchovu, ukiona viwili vimekutana kaa mbali na kona ya baa. Mimi siku hizi nawakagulia hata watoto.


baba_wa_zamu_mbili

Mkavu umeongea. Niongezee kwa upande wangu kidogo maana huku kwenye mada hizi wanaume tukiwa ndo waliobaki wazima hatusikiki, watu wanakuangalia kama umeshindwa kumdhibiti mke.

Mke wangu haikuwa pombe, vidonge vya maumivu. Alianza baada ya upasuaji, halali kabisa, ana cheti cha daktari, mpaka tunashtuka anatumia vya mwezi kwa wiki moja na ana madaktari watatu wasiojuana. Mimi nilihesabu vidonge miaka miwili. Nilikuwa na daftari. Siku naikumbuka ni siku nilikuta hesabu ipo sawasawa kabisa nikafurahi, kumbe alikuwa anajazia kopo na vidonge vya kitu kingine vinavyofanana. Nilichoka siku ile aisee, nikakaa chini sakafuni na daftari langu.

Ninachotaka kusema kwa wale wenye shida ya jamii ya vidonge hivi au unga, huko kuteleza kuna hatari ya aina yake ambayo niliambiwa kwa kuchelewa. Mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia mwili unasahau, uwezo wa kuhimili unashuka, sasa akirudi akatumia kile kipimo chake cha zamani anaacha kupumua. Wengi wanaondoka wiki za mwanzo baada ya kutoka kituoni au gerezani, yaani kipindi kile familia inashangilia. Ipo dawa inaitwa naloksoni, kuna ya kupuliza puani, inamrudisha mtu kwenye pumzi ila inaisha nguvu mapema, nusu saa mpaka saa moja na nusu hivi, kwa hiyo bado lazima apelekwe hospitali hata kama ameamka anasema yuko poa. Mimi ninayo ndani mpaka leo. Mama mkwe aliiona akasema naombea binti yake mabaya. Nikamwambia mama, kizimamoto kwenye gari sio kuomba gari liungue.

Sasa hivi mke wangu anatumia buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa aina hiyo, chini ya daktari mwaka wa pili. Kuna watu wanamwambia hajaacha, kabadilisha dawa tu. Huyo "aliyebadilisha dawa" anaamka, anafanya kazi, anakumbuka birthdei za watoto. Tuishie hapo.


mtumishi77

Dada funga na uombe. Kamchukue umpeleke akaombewe hiyo roho ya ulevi ing'olewe, haya mengine ni kuzunguka mbuyu. Usimpe hata senti na usiache kumchunguza, shetani hutumia mwanya.


nesi_wa_zamu

Mtumishi kuomba haina ugomvi na dawa, waliopona wengi wanakwambia imani iliwabeba. Lakini ukimwambia mtu ni pepo kisha akateleza mwezi wa tatu, ataona hata Mungu kashindwa naye, na huyo ndo anayerudi kwenye chupa kwa kasi. Taasisi ya Marekani inayotafiti dawa za kulevya inasema kati ya wanaotibiwa uraibu asilimia 40 hadi 60 hurudia wakati fulani, na kwamba hiyo haipishani sana na wagonjwa wa presha au pumu wanaoacha kufuata matibabu wakazidiwa. Mgonjwa wa presha akipanda hatuulizi pepo, tunaangalia dawa na maisha yake tunarekebisha.


ua_la_jangwani

Nimesoma yote nikasita kuandika kwa sababu yangu haikuisha vizuri na sitaki kumtisha mleta mada. Lakini kuna kitu hakijaguswa.

Mdogo wangu, wote humu tunaongea yeye afanyiwe nini. Kadi yake, pumzi yake, dawa yake. Umeandika maneno mengi yote na sijui wewe unapenda nini. Mimi mume wangu hakuacha, nilikaa naye miaka 14, na siku nimeondoka dada wa ushauri akaniuliza "jumamosi ukiwa huru huwa unafanya nini" nikashindwa kumjibu. Nilikuwa sina jumamosi. Nilikuwa na zamu.

Kuna vikundi vya wake, waume na wazazi wa walevi, cha kwao wenyewe kabisa. Kile cha walevi wenyewe, AA, kilianza Marekani mwaka 1935, na mke wa mmoja wa waanzilishi, Lois Wilson, ndo akaja kuwa mmoja wa walioanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya familia, maana waligundua wanaume wanakuwa ndani kwenye kikao wanapona na wake zao wako nje kwenye magari wanasubiri na wao wamevurugika. Siku hizi vikao vingine viko mtandaoni, unaingia hata kamera umezima, unasikiliza tu. Mimi mara ya kwanza niliingia nimejifunika shuka. Kuna maneno matatu wanayasema pale, sikuusababisha, siwezi kuudhibiti, siwezi kuutibu. La kwanza nililikubali haraka. La pili lilinichukua mwaka, maana nilikuwa naamini kabisa nikisimama vizuri mlangoni hatatoka.

Na ule uongo wa kazini kwake usiurudie tena. Sisemi ukamchongee, hapana. Bosi akipiga mpe simu mwenyewe aongee. Kuna mbinu inaitwa CRAFT, aliianzisha Robert Meyers huko Marekani, inafundisha familia vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa navifanya kinyume: akiwa mzima uwe naye karibu, mcheke, mtoke, aone faida ya uzima, na akilewa usimfokee wala usimfutie, kaa pembeni alichokivunja akikute asubuhi. Mimi akiwa mzima ndo nilikuwa nampa kesi zote za wiki, maana ndo muda alikuwa anasikia. Akilewa namvua viatu. Sasa jiulize yeye alikuwa anajifunza nini hapo.

Mwisho, haikuandikwa ila nauliza kwa wanaosoma kimya, kama anakupiga au watoto wanamuogopa, hayo ya karatasi na makubaliano weka pembeni. Hapo ni kutafuta pa kwenda kwanza. Ugonjwa wake utatibiwa na wewe ukiwa mbali.


bonge_la_bwana

Sawa nimesemwa. Ila mi babaangu alifia humo ndo maana naongea hivyo.


ua_la_jangwani

Pole mdogo wangu. Tulihisi.


mama_wawili

Nimelia nimesoma nimelia tena. Asanteni sana.

Vidonge nimepeleka duka la dawa, yule kijana kaviangalia akaniuliza nimevitoa wapi nikasema nimeviokota, ndo hivyo uongo haujaniisha lol. Wifi nimempigia nimemwambia sitatumia, kanuna, atanunua mwingine wa kumnunia.

Jana mchana watoto wakiwa shule nikamwambia tuongee. Niliandika kwanza kwenye simu maana nikianza bila karatasi naishia kwenye mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikamwambia namnusa kwa sababu naogopa na sijui kuogopa kwa njia nyingine. Nikamwambia na hasira yangu pia, kwamba ananiudhi akicheka. Nilifikiri atasimama. Akasema "na mimi najiudhi nikicheka." Tukakaa kimya muda mrefu tu.

Halafu yeye mwenyewe akaleta wazo, kule soba kuna mwenzake alikuwa na kile kidude cha kupulizia kama cha polisi wa barabarani, anataka anunue awe anapuliza kila jioni mbele yangu ili mimi nilale. Mnaonaje? Mi nimefurahi lakini moyoni nasikia kama ni kunusa tu kwa mashine.


mkavu2019

Tofauti ni kwamba kapendekeza mwenyewe na anapuliza akiwa macho. Hiyo ni kubwa. Ila mwekee mwisho, labda miezi mitatu kisha mnakaa tena, la sivyo kitakuwa mtoto wenu wa tatu.


nesi_wa_zamu

Vinasaidia, ila mjue mipaka yake. Kinaona masaa, hakioni jana, mwili unaunguza kama glasi moja kwa saa. Na asipulize akiwa ametoka kusukutua au kunyunyiza dawa ya mdomo, angoje robo saa, nimeona ndoa inataka kuvunjika kwa sababu ya dawa ya kusukutulia. Na kikisoma kitu usigeuke hakimu papo hapo, kuna karatasi yenu ya makubaliano, ifuateni.

Yeye bado anaenda kwenye kikundi? Kidude hakichukui nafasi ya kikundi.


mama_wawili

Anaenda jumanne na alhamisi. Na mimi nimeingia cha wake mtandaoni mara mbili, nimefunika kamera na kidole maana sikuona pa kuizima. Mtu mmoja kule alikuwa anaongelea tenki la choo nikacheka peke yangu kama chizi.

Narudi na mrejesho. Kidude bado hakijafika. Jana ilikuwa alhamisi, akachelewa. Hakupiga. Saa mbili imepita, saa tatu, nikakalia mikono yangu kihalisia kabisa nimeiweka chini ya mapaja. Karudi saa tatu na nusu anasema simu iliisha chaji na kikao kilichelewa kuna mtu alikuwa na hali mbaya wakabaki naye. Inaweza kuwa kweli. Miaka saba nimesikia simu iliisha chaji. Nikamwambia tumekubaliana unapiga kabla, akasema ndiyo, nimekosa, kesho nanunua ile chaja ya kubeba. Hakujitetea zaidi. Sikumnusa. Nikaenda kulala.


ua_la_jangwani

Na ulilala?


mama_wawili

Nililala mpaka alarm. Sijui kama alikunywa au hakunywa kwa kweli. Asubuhi nikaona mswaki wake mkavu, nikaanza kupiga hesabu kama alipiga mswaki usiku kuficha harufu au hakupiga kabisa na kama hakupiga maana yake nini, nikajikuta nimeushika huo mswaki naunusa. Nikaurudisha kwenye kikombe nikatoka.

Nitawaambia kidude kikifika.